Chuma, Damu na Nyonga Iliyovunjika

Mzee akiteleza katika msongamano wa Kariakoo akavunjika nyonga, hupoteza damu kwa jeraha lenyewe na tena kwa upasuaji. Jamaa humtafutia vidonge vya madini ya chuma ili asimame upesi. Lakini jaribio la wagonjwa 300 lililofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2010 halikuona kwamba vidonge hivyo vilileta nafuu. Sababu yake? Mwili uliojeruhiwa huchochea ini kutoa hepsidini, homoni inayozuia chuma kupita kutoka utumboni kuingia damuni. Basi akiba iwekwe kabla ya ajali, na sokoni hapo hapo imo: maini, dagaa, mchicha uliokamuliwa ndimu. Chai ingojee baada ya mlo. Aliyekwisha kuvunjika apimwe damu, daktari aamue.