Karatasi ya Karanga

Karanga nilizinunua hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya 12, jioni moja nikitoka sokoni. Zilifungwa kwenye karatasi nyeupe iliyosokotwa pembe. Nilipozimaliza nikaikunjua, na kumbe ulikuwa ukurasa wa kwanza wa CV ya msichana. Majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, mtaa na msikiti ulio jirani, namba mbili za simu. Kazi anayotafuta: kushona na kupamba maharusi. Mafuta yalikuwa yameipitia picha yake, lakini namba zilisomeka zote.

Niliichana vipande vidogo vidogo. Lakini ilikwishapita mikono ya wangapi kabla ya kunifikia?

Sisi watu wa mwambao tumelelewa na sitara. Mgeni hubisha hodi, hukaribishwa barazani. Akishajulikana ni nani na amekuja kwa lipi, ndipo huingia ukumbini. Vyumba vya ndani na uani hafiki. Mtu huyohuyo aliyelelewa hivyo, akianza kutafuta kazi, humfungulia asiyemjua milango yote kwa siku moja, tena kwa WhatsApp.

Aliyeajiriwa huomba kazi mara chache maishani. Fundi, mpiga picha, mchora nembo, mfasiri kama mimi, tunaomba kazi kila wiki, na kila wiki wasifu unatoka na haurudi. Ndiyo maana naona CV tuliyofundishwa shuleni, ya kurasa tatu na vyeti vyote nyuma, haitufai. Anayetaka mpiga picha wa harusi Raskazone hana haja ya kujua kijana huyo alizaliwa lini wala anasali wapi. Anataka kuona picha alizopiga. Jina, kazi, mfano wa kazi, mji, na laini ya biashara iliyo mbali na laini yenye hela zako: hapo ndipo barazani.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ni chumba cha ndani kabisa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ukificha umri kisha ukaitoa namba hiyo, hujaficha kitu. Laini zako za simu zimesajiliwa kwayo. Piga *106# uone zilizo chini ya jina lako, na ukikuta usiyoijua, nenda ikafungwe. Mteja wa kweli ataihitaji namba hiyo mkataba ukishakuwa mezani. Hata hapo, nakala ya kitambulisho ipige mstari wa kalamu katikati na juu yake uandike: kwa ajili ya kazi fulani, tarehe fulani. Anayetaka kuitumia kwingine atapata taabu.

Tangu lianze kujengwa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima kuja Chongoleani, meseji za kazi hazikauki kwenye magrupu. Tuma NIDA, tuma cheti, tuma picha, na hela kidogo ya fomu. Ukiombwa hela ili upewe kazi, hakuna kazi hapo. Meseji ya namna hiyo ipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Na wadhamini, jamani! Tunaandika namba ya mwalimu au ya ami bila hata kumwambia. Siku moja anapigiwa na tapeli anayelitaja jina lako kamili na shule uliyosoma, na mzee wa watu anaamini, anatuma hela.

Sheria tunayo. Ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Inataka taarifa zichukuliwe kwa sababu inayojulikana na zisigeuzwe matumizi. Tume yake, aliyoizindua Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024, hupokea malalamiko. Lakini nani atalalamikia karatasi ya karanga?

Chanzo chake nilikiona steshenari. Nilikwenda kuprinti, kijana akageuza kompyuta upande wangu. Kioo kizima kilikuwa kimejaa faili: CV hii, CV ile, NIDA ya fulani, cheti cha kuzaliwa cha fulani. WhatsApp ya mteja aliyekwishaondoka ilikuwa bado wazi, meseji zinaingia. Pembeni, boksi la karatasi zilizoharibika kwenye mashine, zikisubiri wauza karanga.

“Hizi hufuti?” nikamuuliza.

“Anko, hakuna aliyewahi kuniambia nifute. Wengine hurudi, wanataka nyingine.”

Nikamwomba aanze na yangu, kisha aende kwenye pipa la kompyuta alimwage nalo. Akafanya. Akaifunga ile WhatsApp. Akanitazama, akasogeza kiti, akaendelea na nyingine, za mwaka juzi, za watu asiowakumbuka. Boksi akalisukuma chini ya meza kwa mguu, akasema atalichoma. Faili zilivyopungua, ikaanza kuonekana picha aliyoiweka kwenye kioo: timu ya Coastal Union, Wagosi wa Kaya, wamejipanga mstari uwanjani Mkwakwani.