Otomatiki Haioni Mteremko

Gurudumu la gari dogo, lenye kipenyo cha sentimita 60 hivi, huzunguka takriban mara 900 kwa dakika gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa. Kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu huzunguka mara 40 na ushei. Injini inayolisukuma haina uvumilivu huo. Ishushe chini ya mizunguko 600 au 700 kwa dakika, itatetemeka kisha izimike; nguvu zake za maana ziko kuanzia 2,000 hivi kwenda juu, hadi karibu 6,000 kwa injini za petroli. Ubishi wote wa vijiweni kuhusu manyuali na otomatiki umezaliwa hapo: injini haijui kwenda polepole, na barabara zetu zinataka polepole karibu kila kona.

Giaboksi ndiyo mpatanishi. Gia namba moja ya gari dogo, ukizidisha na meno ya difu, hupunguza mizunguko ya injini kama mara 14. Chukua injini inayonguruma kwa mizunguko 700, gawa kwa 14, unapata 50 kwenye gurudumu, yaani kilomita tano au sita kwa saa. Ndiyo maana gari la gia za mkono likiwa namba moja hutambaa lenyewe bila kukanyagiwa mafuta. Chini ya mwendo huo hesabu inakataa. Lazima kuwe na kitu kinachoteleza kati ya injini na gurudumu, la sivyo injini inazima, na kila aliyejifunzia udereva kwenye klachi anajua aibu ya kuzimikiwa gari kwenye makutano huku nyuma wakipiga honi.

Kwenye gia za mkono kinachoteleza ni sahani ya klachi, na anayeamua iteleze kiasi gani ni mguu wa kushoto. Kwenye otomatiki kinachoteleza ni mafuta. Weka feni mbili za mezani zitazamane, washa moja: upepo wake utaizungusha na ya pili bila kugusana. Badala ya upepo jaza mafuta, zifungie zote ndani ya chungu cha chuma, moja ifunge kwenye injini na nyingine kwenye giaboksi. Gari likisimama kwenye taa, feni ya injini inaendelea kuzunguka huku ya pili imetulia, na hakuna kinachozimika.

Aliyebuni jambo hili hakuwa na habari na magari. Hermann Föttinger, mhandisi wa kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, wakati huo Ujerumani, alisajili hataza yake mwaka 1905. Shida yake ilikuwa meli: tabini za mvuke zilizunguka kasi mno kwa rafadha, ambayo hufanya kazi vizuri ikizunguka taratibu. Katikati ya feni zile mbili aliongeza mapanga mengine ya kuyageuza mafuta yanaporudi, na hapo nguvu ya kuzungusha ikaongezeka. Kwenye magari ya leo inaweza kukaribia mara mbili pale gari linapoanza kuondoka. Hiyo ndiyo siri ya otomatiki kupanda ukingo wa barabara bila kelele, wakati mwenye klachi anaunguza sahani yake.

Kilichobaki, yaani kubadilisha gia zenyewe, kilitatuliwa Marekani, na kwa sehemu kubwa na mtu yule yule aliyerahisisha gia za mkono. Earl A. Thompson ndiye aliyeleta kifaa cha kusawazisha mwendo wa meno kabla hayajashikana, kilichoingia kwenye magari ya Cadillac mwaka 1928. Kabla yake, kubadili gia bila kusaga meno kulitaka ukanyage klachi mara mbili na uwe na sikio zuri. Baadaye Thompson akaongoza kikundi cha General Motors kilichotengeneza Hydra-Matic, giaboksi ya gia nne zilizojibadilisha zenyewe, iliyotangazwa mwaka 1939 kwenye magari ya Oldsmobile. Muda si mrefu ikaingia vitani: vifaru vyepesi vya M5 viliendeshwa na injini mbili za Cadillac, kila moja na Hydra-Matic yake. Wanaosema otomatiki ni gari la wavivu wana kazi ya kuwaeleza hilo madereva wa vifaru.

Lawama kwamba otomatiki inakunywa mafuta ilikuwa kweli kwa miongo mingi. Mafuta yanayoteleza yanapata joto, na joto hilo limetoka kwenye tangi. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ikaenea klachi ndogo ndani ya chungu kile, inayozifunga feni mbili pamoja gari likishashika mwendo. Gia nazo zikaongezeka kutoka tatu hadi nane na hata kumi, na injini ikazidi kubaki kwenye mizunguko inayoipenda. Otomatiki nyingi mpya leo zinalingana na gia za mkono au kuzishinda. Gari lenye umri wa miaka 20 na gia nne ni habari nyingine.

Lakini kuna jambo moja ambalo otomatiki ya kawaida hailiwezi: haioni mbele. Ile ya zamani huamua gia kwa vitu viwili tu, mwendo wa gari na mguu wako ulivyokanyaga mafuta. Twende Lushoto, mji wa milimani Tanzania. Kutoka mjini hadi Mombo, kupitia Soni, ni takriban kilomita 33 za kona, na unashuka karibu mita 1,000. Gari la tani moja na nusu hubeba juu kule nishati ya takriban megajuli 14, inayotosha kuchemsha lita 40 za maji. Yote lazima iende mahali kabla hujafika chini. Matairi na upepo hula sehemu yake. Iliyobaki ni ya breki au ya injini.

Dereva anaondoa mguu kwenye mafuta. Giaboksi inasoma hivi: mwendo unapanda, mguu umelegea, kazi ni nyepesi. Inapandisha gia hadi ya mwisho, kinyume kabisa na inavyotakiwa. Injini inaacha kushikilia, breki zinabeba kila kitu, zinapata moto mpaka zinanuka. Mafuta ya breki yakiwa ya siku nyingi yamenyonya unyevu, na unyevu huo ukichemka unakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedeli inazama hadi chini bila kushika.

Dawa iko kwenye mkono wa gia, kwenye zile alama za 2 na L ambazo wengi hawajawahi kuzigusa tangu wanunue gari. Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zina pia kitufe pembeni mwa mkono huo. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka na gia ya nne inafungwa. Watu huiona taa hiyo wakadhani gari limeharibika. Otomatiki mpya nyingi hutambua mteremko na kushusha gia zenyewe, ila hata hizo husubiri zihisi uzito, ilhali dereva mzoefu ameshika gia ya chini kabla pua ya gari haijainama.

Kibaya zaidi ni kuweka nyutro ili kuokoa mafuta. Kwenye injini ya nozo za kielektroniki unapata hasara: gari likiteremka ndani ya gia, mguu nje, kompyuta hufunga nozo na injini huzungushwa na magurudumu bila tone la petroli. Nyutro inailazimisha ichome mafuta ili isizime.

Gia za mkono zina faida nyingine ambayo hakuna hesabu ya mafuta inayoigusa: betri ikifa, vijana wanasukuma, unaachia klachi, gari linawaka. Otomatiki haisukumwi, kwa sababu pampu inayokaza klachi zake za ndani huzungushwa na injini. Injini imelala, hakuna kinachoshikana. Na kwa kuwa pampu hiyo hiyo ndiyo inayosambaza mafuta ya kulainisha, kuivuta masafa marefu magurudumu yake ya nguvu yakiwa chini ni kuikausha hadi ife.

Gari la umeme kwa kawaida halina haja ya ubishi huu, maana mota yake huvuta kuanzia sifuri na gia moja inatosha. Mteremkoni mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ila betri iliyochajiwa hadi asilimia 100 pale Lushoto haina pa kuuweka, na breki za kawaida zinarudi kazini peke yake. Betri ya kilowati-saa 40 ikiachiwa nafasi ya asilimia 10, hesabu inaonyesha inaweza kumeza megajuli zile 14 zote.