Hesabu za dhahabu katika lugha ya C: Pale gramu zinapopotea

MCHIMBAJI mdogo wa dhahabu wa Makongolosi, wilayani Chunya, mkoani Mbeya, anaweza kupoteza karibu gramu nzima ya mali yake ingawa mizani haina kasoro yoyote. Inatosha programu ya kompyuta inayokokotoa malipo yake iwe imeandikwa bila uangalifu.

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, hutenganisha namba kamili na namba za desimali. Namba kamili mbili zikigawanywa, desimali hutupwa. Kwa hiyo 88/100 si 0.88, bali ni sifuri.

Chukua mfano wa dhahabu yenye uzito wa gramu 12.47 na usafi wa asilimia 88. Mwandishi wa programu akiandika 12.47 * (88/100), jibu litakuwa sifuri. Akiandika 88.0/100, atapata gramu 10.9736 za dhahabu safi.

Kosa hilo la kwanza hugundulika upesi, kwa kuwa hakuna muuzaji atakayekubali malipo ya sifuri. Linalojificha ni lile la kukadiria namba.

Kwa kazi hiyo, C ina maktaba ya hesabu iitwayo math.h, yenye vitendakazi, yaani amri zilizokwisha kuandikwa ambazo mtumiaji huziita tu. Kitendakazi floor hushusha namba, ceil huipandisha, na round, kilichoingizwa katika viwango vya lugha hiyo mwaka 1999, huipeleka kwenye namba kamili iliyo karibu zaidi.

Floor ikitumika, gramu 10.9736 zinakuwa 10. Iwapo gramu moja inauzwa shilingi 200,000, kwa mfano, muuzaji anapoteza shilingi 194,720. Ceil nayo inatoa 11, na hapo hasara inamwangukia mnunuzi. Njia ya haki ni kubakiza desimali mbili: round(10.9736 * 100) / 100, ambayo inatoa 10.97.

Aidha, mizani mbili zikitofautiana kwa gramu 0.4, kitendakazi abs hakifai kupima tofauti hiyo, kwa sababu ni cha namba kamili na kitaonyesha sifuri. Kinachotakiwa ni fabs.

Makato nayo yanahitaji uangalifu. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yaliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Kwa kuwa viwango hubadilika, ni vema viandikwe mahali pamoja mwanzoni mwa programu, visitawanywe ndani ya fomula.

Chunya ilipata soko lake la madini mwaka 2019, ili wachimbaji wauze kwa uwazi. Uwazi huo unahitaji pia hesabu ambayo muuzaji anaweza kuirudia mwenyewe kwa kikokotoo na kupata jibu lile lile.