Kiwavi wa Tibet Kwenye Kopo la Vidonge

Kopo alilileta Jumatatu, baada ya mazoezi ya asubuhi, akaliweka mezani kwangu kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mayai. Ni binti ninayemfundisha riadha; ana miaka 19, anakimbia mita 10,000, na mama yake anauza mboga sokoni hapa Arusha. "Shikamoo mwalimu. Wameniambia hivi vinaongeza pumzi." Alikuwa ameshalipa shilingi 85,000, kwa awamu mbili.

Nilipasua kidonge kimoja nikamwaga unga wake kwenye kisosi. Rangi ya ugoro, harufu ya uyoga uliokaushwa. Ubavuni mwa kopo palichorwa kiwavi aliyeota kijiti kichwani.

Kiwavi huyo namfahamu. Wachina humwita dongchong xiacao, yaani mdudu wa majira ya baridi, majani ya kiangazi. Watibeti husema yartsa gunbu, maana ni ile ile ila wao hutanguliza majani. Ni buu wa nondo anayeishi chini ya udongo kwenye nyanda za Tibet na milima ya Himalaya, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, akitafuna mizizi. Kuvu humwingia akiwa hai, ikamla ndani kwa ndani mpaka anabaki ganda lililojaa nyuzi za kuvu, umbo lake lote likiwa palepale hadi vijiguu. Theluji ikiyeyuka, kijiti cha kahawia hutoka kichwani pake na kuchomoza juu ya ardhi. Mwezi Mei na Juni familia nzima hupanda milimani, wazee kwa watoto, wakitambaa kwa magoti kukisaka kijiti hicho katikati ya nyasi. Kuna nyumba ambazo fedha ya majuma hayo machache ndiyo inayozilisha karibu mwaka mzima.

Nimewahi kumshika mmoja. Mhandisi wa barabara, Mchina, alimfunua kutoka kwenye pamba akaniwekea kiganjani: mwepesi kama ganda la karanga. Mama yake, alisema, huwachemsha na nyama ya bata kwa ajili ya mapafu na figo, na huwahesabu mmoja mmoja. Hana haja ya kuona haya, maana wale wa daraja la juu wamewahi kuuzwa ghali kuliko dhahabu ya uzito huo huo. Wamechumwa mno hata mwaka 2020 shirika la uhifadhi la IUCN likaingiza kuvu hiyo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Kwa bei hiyo, kopo la shilingi 85,000 haliwezi kuwa na kiwavi wa mlimani. Vidonge vingi vya namna hii hutokana na kuvu iliyooteshwa kiwandani.

Sifa ya kuongeza pumzi ilivuma mwaka 1993. Nilikuwa kijana, riadha naifuata kwa redio. Agosti, mjini Stuttgart, Wang Junxia wa China alishinda mita 10,000, na wa tatu akawa binti wa jirani zetu Kenya, Sally Barsosio, mwenye miaka 15. Septemba 8, Beijing, Wang akakimbia dakika 29:31.78, akiipunguza rekodi ya dunia kwa karibu sekunde 42. Kocha wake, Ma Junren, aliwaambia waandishi kwamba siri ni mazoezi makali, damu ya kasa na huyu kiwavi. Dunia ikakimbilia kiwavi. Mwaka 2000, siku chache kabla ya Olimpiki ya Sydney, wakimbiaji sita wa Ma waliondolewa kwenye timu ya China baada ya vipimo vya damu. Mwaka 2016 vyombo vya habari vya China vilichapisha barua inayodaiwa kuandikwa mwaka 1995 na Wang na wenzake tisa, wakieleza kwamba walilazimishwa kutumia dawa zilizokatazwa. Nawahurumia wale mabinti mpaka leo.

Na kiwavi mwenyewe? Waendesha baiskeli waliozoea mazoezi walipopewa vidonge vyake, watafiti hawakuona tofauti. Majaribio madogo kwa wazee yaliona nafuu kiasi. WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, halijamkataza. Ninachokiogopa ni wenzake wa kopo moja. Mahuang, mmea ambao Wachina wameutumia kutibu mafua na pumu tangu kale, una efedrini. Siku ya mashindano ikizidi mikrogramu 10 kwa mililita ya mkojo, umefungiwa. Hakuna atakayemuuliza muuzaji. Mkimbiaji ndiye anayejibia kilichomo mwilini mwake. Na mwaka 2016 mamlaka za China zenyewe zilionya kwamba bidhaa za kiwavi huyu zina arseniki kupita kiwango.

Nilimweleza yote hayo, naye akasikiliza akiwa ameinamia kisosi. Kisha nikamuuliza swali nililopaswa kuanza nalo: hiyo pumzi inakukatikia wapi? "Mzunguko wa kumi na mbili, mwalimu. Na siku hizi hata ngazi za nyumbani." Nilikwenda naye zahanati siku hiyo hiyo. Damu yake ilikuwa 10.2, na kwa mwanamke haitakiwi kushuka chini ya 12. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, vya bei ndogo kabisa, na mama yake akaanza kumwekea mchicha na dagaa kila jioni. Nikampunguzia kilomita.

Wiki ya sita tulirudi kupima. Ilikuwa 11.8, na mzunguko wa kumi na mbili alikuwa ameshauvuka.