Safu Iliyotoweka na Diski Zinazojaa

Ukurasa huu aghalabu hushughulika na bei za vyakula, usafiri wa bandarini, skuli na maji. Leo tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuingie ofisini, tukae mbele ya kompyuta ya karani wa masjala, tuzungumze juu ya jambo ambalo halijapata kupigiwa mbiu na mtu yeyote, nalo ni hili: diski ya kompyuta inapojaa, ni nani anayejua kilichoijaza?

Swali hilo si la mafundi peke yao. Katika masjala ya karatasi, karani mzoefu huhitaji jicho tu. Jalada lililonenepa huonekana limenenepa. Rafu iliyoelemewa hupinda. Na mkuu wa idara akiuliza kwa nini kabati halifungi, jibu liko mbele ya macho yake. Ndani ya kompyuta mambo si hivyo. Kila kabrasha lina picha ileile ndogo ya rangi ya njano, liwe limebeba barua ya ukurasa mmoja au picha za video za mkutano wa siku tatu. Explorer, yaani ile programu ya Windows tunayoitumia sote kufungulia makabrasha, inayo safu ya ukubwa, na mbele ya kila faili huandika idadi ya kilobaiti zake. Mbele ya kabrasha haiandiki kitu. Nafasi ni tupu.

Hatuna budi kuwatendea haki walioitengeneza, kwa kuwa ukimya huo una sababu yake. Ukubwa wa faili umeandikwa tayari katika daftari la diski, na kompyuta huusoma kwa kutupa jicho. Ukubwa wa kabrasha haukuandikwa popote. Ili kuujua, lazima kompyuta iingie ndani, ihesabu kila faili, iingie katika kabrasha dogo lililomo, na dogo jingine ndani ya hilo, mpaka mwisho. Kwa kabrasha lenye mafaili laki moja kazi hiyo huchukua muda, na kabla haijakwisha huenda mtu mwingine amekwisha kuongeza faili jingine. Ukibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na kuomba sifa za kabrasha moja, Explorer itakuhesabia. Lakini kufanya hivyo kwa makabrasha mia mbili, moja baada ya jingine, ni adhabu ambayo hatumtakii mtumishi yeyote wa umma.

Ndipo ilipoingia programu ndogo ya nyongeza iitwayo Folder Size. Ilitolewa bure pamoja na msimbo wake, ikafanya kazi katika Windows 2000 na hasa katika Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001 na kuenea duniani kote. Kazi yake ilikuwa moja tu. Sehemu yake ya kwanza ilikaa kimya nyuma ya pazia, ikihesabu makabrasha na kuangalia mabadiliko kila yalipotokea. Sehemu ya pili iliingiza ndani ya Explorer safu mpya, na katika safu hiyo kabrasha nalo likapata tarakimu yake. Ukiigonga safu hiyo mara moja, makabrasha yakajipanga, kubwa juu na dogo chini. Mtu asiyejua lolote juu ya kompyuta angeweza kunyoosha kidole na kusema: hili hapa ndilo lililoijaza diski.

Mwaka 2007 Windows Vista ilipoingia madukani, safu hiyo ikatoweka. Programu haikuharibika, wala mtengenezaji wake hakuikimbia. Mlango aliopitia ndio uliozibwa. Mifumo iliyotangulia ilikuwa na njia rasmi iliyomruhusu mtu wa nje kuingiza safu yake katika Explorer. Vista iliifuta njia hiyo na kuleta utaratibu mwingine wa kueleza sifa za mafaili. Utaratibu huo mpya hufuata aina ya faili, kama vile picha au hati, na kabrasha, ambalo si aina ya faili, likabaki nje. Programu ya nyongeza ni mpangaji: mwenye nyumba akiamua kubomoa ukuta, kitanda cha mpangaji hakiulizwi.

Sisi hatusemi kwamba Microsoft haikuwa na hoja. Programu inayoingizwa ndani ya Explorer huishi kwa pumzi ya Explorer. Ikizubaa, madirisha yote huzubaa pamoja nayo, na lawama humwangukia mwenye nyumba. Apple nayo ilipita njia hiyohiyo. Mwaka 2015 iliweka katika mfumo wake kinga inayozuia programu za nje kujipenyeza ndani ya zile za mfumo, na viongezi kama TotalFinder na XtraFinder, vilivyopendwa kwa kuipa programu ya Finder uwezo ambao haikuzaliwa nao, vikawalazimu wenyeji wake wapunguze kinga hiyo kwa mikono yao ikiwa wangetaka kuendelea kuvitumia. Kufungua komeo la mlango wa mbele ili mgeni mmoja apite ni jambo ambalo ofisi ya serikali haipaswi hata kulifikiria.

Lakini kuziba mlango ni jambo moja, na kumpa mwenye haja njia nyingine ni jambo la pili. Hilo la pili ndilo lililokosekana. Toka Vista mpaka Windows 11 nafasi ile mbele ya kabrasha imebaki tupu, na watu wengi waliamua kung'ang'ania Windows XP kwa sababu ya vitu vidogo kama hivi walivyovizoea. Tunawaelewa, lakini hatuwezi kuwasifu. Msaada wa XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014, na Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipozunguka dunia na kufunga mafaili ya hospitali na viwanda, ilibidi kampuni itoe kiraka cha dharura hata kwa mfumo huo iliokwisha kuuzika.

Basi mbadala uko wapi?

Wa kwanza uko kwa mtengenezaji yuleyule. Alipofungiwa mlango alikaa dirishani: toleo la Folder Size la Vista na mifumo iliyofuata hufungua kidirisha chake chembamba kando ya Explorer, kikionyesha tarakimu zilezile. Ni shida kidogo, kwani vitu viwili vilivyokuwa kimoja sasa hutembea bega kwa bega na mara nyingine hupishana. Kwa mtu mmoja nyumbani kwake chafaa. Kwa ofisi tunaona kuna bora zaidi.

Bora zaidi ni kuacha kuitazamia Explorer kazi isiyoitaka, na kutumia programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima diski tu. Historia ya programu hizi inapendeza. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, Profesa Ben Shneiderman na wenzake walikuwa na diski moja ya megabaiti 80 waliyoitumia watu 14, nayo ilikuwa ikijaa kila mara. Wakati huo hakuna aliyeweza kusema kwa haraka nani amechukua nafasi kiasi gani. Akabuni mchoro wa mistatili: diski nzima ni mstatili mmoja mkubwa, kila kabrasha ni mstatili ndani yake, na ukubwa wa kila mstatili walingana na nafasi iliyoliwa. Anayekula zaidi huonekana zaidi. Wasomaji waliopata kuona ramani ya viwanja vya mtaa hawatahitaji kufundishwa kuusoma.

Mchoro huo ndio uliomo katika WinDirStat, programu ya bure yenye msimbo ulio wazi, ambayo baada ya kukaa miaka mingi bila toleo jipya ilifufuliwa na kuendelezwa. Ipo pia TreeSize ya kampuni ya Kijerumani ya JAM Software, yenye toleo la bure na matoleo ya kulipia, ambayo hupanga makabrasha kama matawi ya mti, kila tawi na uzito wake. Sura yake ndiyo iliyo karibu kabisa na ile safu iliyopotea. Na ipo WizTree, ambayo ni ya haraka mno, kwa kuwa haitembei kutoka kabrasha hadi kabrasha bali husoma moja kwa moja daftari kuu la diski za aina ya NTFS. Haraka hiyo ina masharti. Yahitaji idhini ya msimamizi wa kompyuta, ambayo karani wa kawaida hana wala hapaswi kuwa nayo, na haipatikani kwa diski iliyoko mbali katika mtandao wa ofisi. Huko nayo hutembea kwa miguu kama wenzake. Isitoshe, WizTree ni bure kwa matumizi ya mtu binafsi tu. Ofisi yahitaji leseni, na ofisi ya umma isiyolipa leseni haina uso wa kumdai mfanyabiashara leseni yake.

Kuna wanaochagua kuiacha Explorer kabisa. Directory Opus, iliyozaliwa mwaka 1990 kwa ajili ya kompyuta za Amiga na leo hutengenezwa Australia kwa Windows, huonyesha ukubwa wa makabrasha katika safu kamili kama zamani, lakini hulipiwa. Total Commander, ambayo imekuwapo toka mwaka 1993, hugawa kioo sehemu mbili, kushoto na kulia. Ukiweka alama juu ya kabrasha na kubonyeza kitufe cha nafasi, hulihesabu papo hapo. Double Commander huiga mtindo huo, nayo ni huria, haina malipo, na hufanya kazi katika Windows, Linux na kompyuta za Apple vilevile. Tatizo la njia hii ni mafunzo. Mtumishi aliyezoea Explorer kwa miaka 20 hatabadilika kwa waraka, na sisi tusingependa kuona masjala nzima ikisimama kwa wiki mbili kwa sababu ya tarakimu moja.

Kwa wanaotumia Finder ya Apple habari ni fupi: katika mapendeleo ya mwonekano mna kisanduku cha kuagiza ukubwa wote uhesabiwe, ukikitia alama, basi. Dolphin ya Linux nayo yaweza kupangwa hivyo. Hili latuonyesha kwamba jambo lenyewe lawezekana.

Tuna maonyo mawili kwa watakaoanza kutafuta. La kwanza ni juu ya mahali pa kuchukulia. Programu iliyokoma huacha jina lenye sifa, na jina lenye sifa bila mwenyewe huvutia matapeli. Hata maghala mashuhuri hayakusalimika: mwaka 2015 ghala la SourceForge lilishutumiwa hadharani kwa kuifunga programu ya picha ya GIMP pamoja na matangazo ambayo watengenezaji wake hawakuyaweka, na utaratibu huo ukafutwa mwaka 2016 ghala lilipopata wamiliki wapya. Programu ichukuliwe kwa mtengenezaji mwenyewe, na afisa wa kompyuta wa idara ndiye aichukue.

Onyo la pili ni juu ya kufuta. Mtu akiletewa mchoro unaoonyesha kabrasha kubwa, mkono humwasha. Katika kila kompyuta ya Windows limo kabrasha la mfumo liitwalo WinSxS, ambalo huonekana kubwa kupita kiasi kwa kuwa faili moja laweza kuorodheshwa humo kwa jina zaidi ya moja na kuhesabiwa mara mbili. Lisiguswe kwa mkono. Na katika makabrasha ya kazi, kabrasha kubwa si lazima liwe takataka: huenda ni picha za hati za ardhi, huenda ni daftari la vizazi na vifo lililopigwa picha kurasa zote. Kipimo hutuambia uzito; thamani huamuliwa na mwenye kumbukumbu, kwa kufuata sheria za utunzaji wa nyaraka, si kwa kufuata rangi ya mstatili.

Tumelileta jambo hili sasa kwa sababu maalumu. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma, na kompyuta nyingi za maofisini zilizokuwa zikiitumia zinabadilishwa au zitabadilishwa. Kila badiliko la namna hiyo huziba milango kadhaa, na watumishi hugundua siku ya Jumatatu asubuhi kwamba kitu walichokitegemea hakipo. Si Folder Size peke yake. Ziko programu za nyongeza za kupaka makabrasha rangi, za kubadili majina ya mafaili mia kwa mpigo, za kuongeza vichupo juu ya dirisha. Vichupo Windows 11 yenyewe ilivileta mwaka 2022, hivyo anayevitafutia mbadala ajue kwamba tayari anao. Rangi ni habari nyingine: aghalabu maana ya rangi hukaa ndani ya kiongezi chenyewe, nacho kikienda huenda nayo. Idara iliyoweka rangi nyekundu kuwa alama ya kesi zisizokwisha yafaa iandike neno hilo katika jina la kabrasha, pamoja na mwaka, kabla fundi hajafika na mashine mpya.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa idara, Unguja na Pemba, wasingoje. Kabla ya kompyuta yoyote kubadilishwa, karani anayeitumia aulizwe ni programu gani ndogo anazozitumia kila siku, na ipi kati ya hizo ikikosekana kazi itasimama. Majibu yaandikwe: jina la programu, kazi yake, ilikotoka, leseni yake, na mbadala uliokwisha kujaribiwa juu ya kabrasha moja ambalo ukubwa wake unajulikana. Karatasi moja kwa kila ofisi yatosha, na nakala yake ikae katika jalada la masjala, si ndani ya kompyuta hiyohiyo inayoondolewa.