Chini ya Rangi ya Ndege: Amana Isiyoonekana



Msimu wa Hijja unapowadia, familia nyingi za pwani huwasindikiza wazee wao hadi uwanja wa ndege. Ndege imesimama, nyeupe, imeng'ara. Huitazama kidogo, kisha hugeukia mizigo na machozi ya kuagana. Ni nadra mtu kujiuliza ni mikono ya nani iliyoipaka rangi ile, na chini ya rangi ile mna nini. Makala haya yanakusudia kuwaeleza wasomaji, hasa kina mama ambao ndio walimu wa kwanza wa watoto wetu, kazi ya mafundi hao. Kwani ndani yake mna somo la amana ambalo kila nyumba inalihitaji.

Rangi si pambo tu

Ndege nyingi zinazoruka leo zimeundwa kwa alumini iliyochanganywa na madini mengine. Ni bati jepesi lenye nguvu, lakini unyevu na chumvi hulila. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa chumvi inafanya nini. Wazee wetu waliopaka deheni chini ya majahazi, na sifa juu yake, hawakutafuta urembo. Walikuwa wakiulinda ubao. Rangi ndiyo deheni ya ndege. Na ikiwa nyeupe, hurudisha joto la jua, na mafuta yaliyovuja juu yake huonekana upesi.

Kinga hiyo ina gharama. Rangi ya ndege kubwa huweza kufikia mamia ya kilo, na kila kilo hubebwa kwa mafuta. Shirika la American Airlines la Marekani kwa miaka mingi liliacha sehemu kubwa ya miili ya ndege zake bila rangi, bati likisuguliwa hadi likang'aa kama kioo. Mwaka 2013 lilianza kuiacha ada hiyo, kwani ndege mpya kama Boeing 787 zimeundwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa pamoja, na mwili wa namna hiyo hauna budi kupakwa rangi.

Usafi ndio mwanzo

Kazi yenyewe huanza kwa kuondoa, si kwa kupaka. Rangi kuukuu hutolewa kwa dawa ikiwa mwili ni wa alumini, au kwa msasa ikiwa ni wa kaboni, maana dawa kali huweza kuudhuru. Bati likibaki tupu, wakaguzi hutafuta kutu na nyufa. Fundi asiye makini akikwangua maungio kwa kisu cha chuma huweza kuacha mchubuko mwembamba usiotiliwa maanani. Lakini mwili wa ndege hutanuka kwa hewa iliyomo ndani kila inapopanda juu, kisha hunywea inaposhuka. Baada ya safari maelfu, mchubuko ule huweza kuwa ufa.

Kisha bati huoshwa mpaka liishe mafuta yote, hata ya alama ya kidole. Mafundi wana kipimo chao: humwaga maji safi na kutazama. Yakitandaa kama shuka moja, bati ni safi. Yakikatika na kufanya matone, mafuta yangaliko, na rangi haitashika. Kina mama wataliona jambo hili kwa wepesi, kwani katika wudhu twajua kwamba rangi ya kucha huzuia maji kufika kwenye kucha, ilhali hina iliyooshwa huacha rangi tu bila utando. Kinachozuia lazima kiondoke kwanza.

Baada ya usafi hupakwa dawa ya kulishikisha bati, kisha rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi za juu, kila tabaka likipewa muda wake wa kukauka. Tabaka zote zikijumlishwa, unene wake ni wa nywele chache tu.

Na hapa ndipo penye mtihani. Rangi ya juu ikishapakwa, aliyesafisha vyema na aliyefanya haraka, kazi zao huonekana sawa. Twakumbuka jinsi Mtume (s.a.w.) alivyopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka lililokuwa kavu juu, vidole vyake vikakuta unyevu chini, akamkemea muuzaji na kumtenga mdanganyifu na mwendo wa Waislamu. Rangi iliyofunika kutu ni rundo lile lile.

Mizani ya Nabii Daud

Mwenyezi Mungu alimlainishia Nabii Daud (a.s.) chuma, na pamoja na kipawa hicho akamwamrisha atengeneze nguo za vita na akadirie vyema katika kuziunga pete zake. Kukadiria huko kumo pia katika rangi. Bawa na mkia wa ndege vina sehemu zinazochezacheza ambazo rubani huzitumia kuigeuza. Sehemu hizo zimewekwa kwa mizani. Rangi ikizidi huweza kuiharibu, na zikaanza kutetemeka kwa kasi hata zikavunjika angani. Kwa hiyo zikishapakwa upya, mizani yake hukaguliwa kabla ndege haijaruhusiwa kuruka.

Kipande cha utepe

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba 1996, ndege ya shirika la AeroPerú, aina ya Boeing 757, iliondoka Lima, mji mkuu wa Peru, kwenda Santiago, Chile. Kabla ya safari ilikuwa imeoshwa na kusuguliwa. Ubavuni mwa ndege kuna vitundu vidogo vinavyopokea hewa ya nje, na kutokana navyo mitambo humjulisha rubani kimo na mwendo. Wakati wa kuosha au kupaka rangi vitundu hivyo huzibwa, kisha lazima vizibuliwe. Fundi alivifunika kwa utepe wa gundi, na utepe ule haukubanduliwa. Msimamizi hakuuona, wala rubani aliyeizunguka ndege kuikagua.

Marubani walijikuta gizani juu ya bahari, mitambo ikiwapa habari zinazopingana. Waliwauliza waongozaji wa ardhini kimo chao. Lakini kimo kilichoonekana kwenye rada kilitumwa na mitambo ya ndege ile ile, basi jibu likawa na kosa lile lile. Bawa lilipogusa maji, kipimo kilikuwa kikionyesha takriban futi 9,700. Watu wote 70 waliokuwamo walifariki.

Ndugu wasomaji, utepe ule haukuwekwa kwa ubaya. Uliwekwa kwa kuilinda ndege. Kilichokosekana ni kumaliza kazi, na macho mengine mawili ya kuhakikisha. Twafunzwa kwamba Mwenyezi Mungu humpenda mja afanyapo kazi akaitimiza kwa ustadi. Kutimiza si kung'arisha panapoonekana, bali ni kurudi nyuma ukahesabu kila ulichokiziba.

Amana ya mwili wa fundi

Kuna amana nyingine, nayo ni afya ya fundi mwenyewe. Rangi ya kuzuia kutu ya ndege aghalabu ilikuwa na kromati, na hata leo bado hutumika. Vumbi na mvuke wake husababisha saratani. Kigumishi cha rangi za juu kina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huleta pumu isiyokwisha kwa urahisi. Ndiyo maana fundi wa ndege hujifunika mwili mzima na kuvuta hewa safi inayoletwa kwa mpira kutoka nje.

Habari hii haiko mbali nasi. Rangi nyingi za magari zenye kuchanganywa na kigumishi zina isosayaneti hizo hizo, na vijana wetu huzipuliza gereji wakiwa na kitambaa puani. Kitambaa hakizuii mvuke. Mama, mwanao akikohoa au kifua kumbana kila atokapo kazini, usiseme ni mafua. Mpeleke hospitali na umwambie daktari kazi yake. Nguo zake za kazi zifuliwe mbali na za watoto, na abadilishe kabla ya kumpakata mdogo wake. Naye mwenye gereji ajue kwamba kumpa kijana ujira bila kinga ni kumpunja haki.

Mwisho, wazazi wenzangu, tuwazoeze watoto mambo haya katika kazi ndogo za nyumbani: sufuria ioshwe na chini yake, na chumba kifagiliwe hata uvunguni. Mtoto aliyezoea kusafisha pasipoonekana, kesho akikabidhiwa roho za watu hatasubiri msimamizi amwone.

Mwenyezi Mungu awarudishe salama wasafiri wetu, na awalipe kheri mafundi wanaotimiza amana zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.