Ruzuku ya Unga: Mambo ya Zambia, 1986

Ndugu wafanyakazi, bajeti ikisomwa wengi wetu hungojea bei ya bia na sigara tu. Fungu la kuangaliwa kwanza ni ruzuku, yaani fedha anazolipa serikali ili unga uuzwe chini ya gharama yake. Likiondolewa, mshahara haukatwi hata senti moja, ila debe la unga huisha kabla ya mwezi.

Mwezi Desemba 1986 serikali ya Zambia, ikibanwa na madeni na masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, iliondoa ruzuku ya unga mweupe. Bei ikapanda kwa asilimia 120. Unga wa daraja la chini uliachiwa ruzuku ili maskini asiumie. Kwenye karatasi, jambo jema. Lakini fedha zilipitia kwa wenye vinu, nao, wakiwa na shaka ya kulipwa, wakaacha kuusaga. Madukani ukabaki ule wa bei ghali. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama ruzuku ipo. Tuulize inapitia mikononi mwa nani.

Miji ya migodi ya shaba ikalipuka kwa ghasia, watu 15 wakafa, na Rais Kaunda akairudisha bei ya zamani. Tarehe 1 Mei 1987, siku yetu wafanyakazi, akatangaza kuachana na masharti ya Shirika lile.